Kumfungua Dubu Anayesema

Naomba mnivumilie kabla hamjaanza kusoma. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kalamu naishika tu ninapoandika majina ya wateja kwenye vipande vya plasta ninavyobandika nyuma ya redio zao. Mwandiko wangu umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na tahajia ndiyo kabisa. Ukurasa mmoja unanimalizia asubuhi nzima. Aliyekubali kunichapia maandishi haya ameahidi kunyoosha herufi na kuyaacha maneno yalivyo. Makosa mtakayoyakuta bado ni yangu, msimlaumu yeye.

Mimi ni msichana. Naishi Mafiga, mjini Morogoro, kwa mama mdogo, kwa sababu mama yangu mzazi alishafariki. Natengeneza redio, tochi, chaja na simu za vitufe kwenye meza iliyoko barazani. Kazi hii alinifundisha baba kabla hajafariki naye. Yeye alikuwa mtu wa kuja, alifuata kazi ya kiwandani, na jioni alikuwa akifungua redio za majirani huku mimi nimeshika tochi. Mimi si msemaji. Wateja wengine hudhani ni bubu, mpaka nitaje bei.

Nataka kueleza habari ya mdoli mmoja, dubu wa kitambaa cha kahawia mwenye betri tumboni, aliyekaribia kumfukuzisha mke wa mjomba wangu kwenye familia. Ila lazima kwanza nieleze mambo mawili ya kwetu, la sivyo hamtaelewa kwa nini watu wazima walimwogopa mdoli.

Kwetu Uluguru ardhi inafuata upande wa mama. Mjomba anaisimamia na kuilima, lakini watoto wake hawairithi. Wao wana ya kwao kwa mama yao. Ardhi ya bibi inakuja kwa mabinti wa bibi na watoto wa mabinti hao. Kwa hiyo ukoo unapokaa kuzungumza habari za mashamba, wale waliokuja kwa kuoa au kuolewa hutoka nje. Si ugomvi, ni utaratibu tu. Nakumbuka baba alikuwa anachukua redio yake na kwenda kukaa nyuma ya banda la mbuzi mpaka aitwe kula. Hakuwahi kulalamika. Siku hizi anayetoka ni mke wa mjomba, ambaye mimi namwita mkaza mjomba. Watu wake ni wa upande wa Dodoma.

La pili ni miti. Ukilima shamba ambalo si la ukoo wako unaweza kupanda mahindi, maharage, kabichi, chochote cha msimu. Mti wa kudumu hupandi. Ukishapanda mti na ukashika, umesema kwamba huondoki.

Bibi anakaa mlimani, mwendo wa kama saa moja kwa miguu kutoka Mlali. Chini ya nyumba yake kuna bonde lenye kijito, udongo mweusi, na maji hayakauki hata Oktoba. Mjomba na mkewe, wanaoishi Mlali, wamelilima bonde hilo kwa miaka kumi na moja. Mapema mwaka huu bibi aliita kikao. Tulikuwa yeye, mjomba, mama mdogo na mimi. Mkaza mjomba alichukua ndoo akaenda kijitoni bila kuambiwa. Kwenye mkeka alikuwepo pia mtoto wa mama mdogo, binti wa miaka mitatu anayelelewa na bibi, akimfunga dubu wake kitambaa kichwani.

Dubu huyo alinunuliwa na mkaza mjomba kwenye mitumba ya Dumila, siku alipopita pale akitoka kuwasalimia wazazi wake. Ukimbonyeza tumbo alikuwa anacheka na kusema maneno ya kigeni ambayo hakuna aliyeyaelewa. Bibi hakumpenda tangu siku ya kwanza. Alimwekea kitambaa usoni akisema ana macho ya mtu anayejua jambo.

Kikao kilikuwa kifupi. Bibi alisema, "Bonde ni la mabinti. Mimi nikiondoka, asilete mtu maneno." Maana yake bonde lilikuwa linakuja kwangu kwa nafasi ya mama yangu, na kwa mama mdogo na yule mtoto wake. Mjomba aliitikia. Tukala tukatawanyika.

Siku ya nne mtu akapita kwa mjomba pale Mlali akaona miche ya parachichi barazani, kama thelathini, kwenye vifuko vyeusi. Habari zikapanda mlima kabla ya adhuhuri. Parachichi si kabichi. Nani alimwambia yule mwanamke kwamba bonde linaondoka, hata akakimbilia kupanda miti?

Jioni ya siku hiyohiyo mtoto akambonyeza dubu tumboni, mara ya kwanza tangu kikao. Dubu hakucheka. Alisema, kwa sauti nyembamba kama ya mtu aliyebanwa pua, "Bonde ni la mabinti. Mimi nikiondoka..."

Bibi alinipigia simu asubuhi. Hakunipa hata nafasi ya kusema shikamoo.

"Njoo na vyuma vyako," alisema. "Huyu mnyama anasikiliza."

Nilipofika nilikuta watu wamepangwa kama mahakamani. Mjomba alikuwa kwenye kiti cha uani, mama mdogo kizingitini na mtoto wake mgongoni, na mkaza mjomba kwenye kigoda peke yake upande wa jiko, kanga ameifunga vizuri kama mtu aliyejiandaa kwa safari. Dubu alikuwa katikati, juu ya ungo uliofunikwa kwa ungo mwingine.

"Shikamoo bibi. Shikamoo mjomba. Shikamoo mkaza mjomba."

"Marahaba," waliitikia wawili. Mkaza mjomba alisema, "Marahaba, fundi." Hakuwahi kuniita fundi kabla ya siku hiyo.

Bibi akanieleza anachotaka. Mtoto amemzoea dubu, akinyang'anywa anakataa kula. Kwa hiyo asichomwe. Nimfungue, nitazame kama ana kitu cha kusikilizia, na kama anacho nikitoe. Abaki anacheka tu.

"Na kama anacho," bibi akaongeza, "basi tutajua aliletwa kufanya nini."

Hapo nilielewa kwamba sikuitwa kutengeneza mdoli. Kama ningesema dubu hana sikio, mkaza mjomba angebaki kwenye familia. Kama ningesema analo, asingekanyaga tena ua ule, na bonde alilolima miaka kumi na moja lingekuwa limekwisha mkononi mwake siku hiyohiyo. Mimi nikitazamwa hata kuchomoa betri nashindwa.

Nilimgeuza dubu. Mgongoni, mahali pa kufungulia, mshono ulikuwa wa mkono. Mishono mingine yote mwilini mwake ilikuwa ya mashine, ya uzi wa kahawia. Huu ulikuwa uzi wa buluu, mishono mikubwa isiyolingana.

"Kuna mtu alishamfungua," nilisema. Lilinitoka tu. Nilikuwa najisemea kama ninavyofanya kazini.

Mjomba aliinama kutazama. Mama mdogo akasema, "Ee."

"Ni mtumba," mkaza mjomba akasema. "Mtumba haukosi kiraka. Mama wa huko Ulaya alishona mdoli wa mwanawe, ndiyo kesi?"

Bibi alitoa kikopo chake cha ugoro, akavuta kidogo, akakifunga. "Endelea," aliniambia.

Nilikata uzi kwa wembe. Nikatoa pamba, nikafika kwenye kasha la plastiki lenye skrubu nne. Nikalifungua kwa bisibisi ndogo. Ndani palikuwa na bodi ya kijani yenye upana wa vidole viwili, spika, betri tatu, na katikati ya bodi tone jeusi gumu kama lami. Hilo tone ndiyo akili ya mdoli. Huwezi kulifungua wala kulisoma. Waya mbili zilikwenda kwenye kitufe cha tumboni. Nyingine mbili zilikwenda kwenye kiganja cha mkono wa kushoto, ambako palikuwa na kitufe kingine ambacho hakuna aliyekijua. Na pembeni mwa spika palikuwa na kidude cha mviringo, kidogo kuliko punje ya mbaazi, uso wake umefunikwa kwa kitambaa cheusi.

Hicho nakijua. Kiko kwenye kila simu ninayofungua. Ni maikrofoni.

Fundi mzuri angenyamaza kwanza. Angefuata waya, angeweka betri, angejaribu, ndipo aseme. Baba alikuwa ananikataza kabisa kumwambia mteja ugonjwa wa redio kabla ya kuipima. Lakini watu wanne walikuwa wananitazama, na nilitaka waache kunitazama.

"Sikio lipo," nilisema.

Mjomba akashusha pumzi. Bibi akamgeukia mkaza mjomba.

"Umelisikia hilo, mkwe?"

"Nimelisikia, mama."

"Mdoli umemleta wewe. Ana sikio, na ana mshono mgongoni. Maneno ya kikao yamefika kwako hata wiki haijaisha. Nikuulize nini zaidi?"

Mkaza mjomba akasimama. Hakupaza sauti. "Mama, mimi sijui hata betri inaingia upande gani. Nilimnunulia mtoto kitu cha kucheka." Kisha akanigeukia mimi. "Lakini na mimi nina swali moja. Bonde linakwenda kwa nani? Kwa huyu. Na anayempasua mdoli ni nani? Ni huyuhuyu. Nani alimpa mrithi bisibisi?"

Alimtazama mumewe. Mjomba alikuwa anakagua kucha zake. Mkaza mjomba akachukua viatu vyake mkononi akashuka bila kuvivaa, na bibi akasema nyuma yake kwamba asikanyage pale mpaka siku ya kumzika yeye bibi.

Niliweka vipande vya dubu kwenye mfuko wa plastiki, nikamdanganya mtoto kwamba dubu anapelekwa hospitali, na nikasema nitamalizia kazi mjini. Ukweli ni kwamba nilitaka kuondoka. Njia nzima ya kushuka lile swali la mrithi na bisibisi lilikuwa linanirudia. Nilijitetea moyoni kwamba sikusema uongo. Sikio lilikuwepo. Ila nilipofika Mlali nilizunguka nyuma ya maduka ili nisipite mbele ya nyumba ya mjomba.

Siku mbili sikuugusa ule mfuko. Siku ya tatu, asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuja, nikatandaza vipande kwenye meza ya Mafiga na kufanya kile nilichopaswa kufanya mwanzo.

Niliweka betri. Nikabonyeza kitufe cha tumbo. Dubu akasema, bila ngozi wala kichwa, "Bonde ni la mabinti. Mimi nikiondoka..." Akakatika. Nikabana kitufe cha kiganjani nikahesabu moja mpaka ishirini kwa sauti. Nikabonyeza tumbo. Akasema, "Moja, mbili, tatu," mpaka kumi, akakatika tena. Maneno ya bibi yalikuwa yamefutika, kama yenyewe yalivyofuta kile kicheko na maneno ya kigeni. Nikarudia kwa maneno mengine. Kila mara ilikuwa vilevile. Anasikia tu pale kiganja kinapobanwa, anashika muda wa kuhesabu mpaka kumi, na neno jipya linafuta la zamani.

Nikakaa nikafikiri polepole, maana sifikiri haraka. Mtoto alikuwa anamfunga dubu kitambaa na kumkamata mkono. Alibana kiganja wakati bibi anasema neno lake, akakiachia kabla halijaisha, basi. Baada ya hapo hakubana tena, au hakubana kwa nguvu ya kutosha. Na tangu kikao mpaka siku dubu aliposema, hakutoka kwa bibi. Mkaza mjomba hakupanda mlima siku hizo. Hata kama dubu angekuwa na masikio kumi, asingeweza kutembea hadi Mlali kupeleka habari.

Kwa hiyo nilikuwa nimesema kweli, na ile kweli nusu imemfukuzisha mtu.

Ulibaki mshono. Nilichukua pamba ili niirudishe, na nilipoikaribisha usoni nikapiga chafya mara tatu. Nikanusa tena. Nikaimwaga pamba kwenye karatasi nyeupe na kuikung'uta. Vumbi la kahawia likadondoka, laini, kidogo tu. Ulikuwa ugoro.

Watoto wa Ulaya hawachezi na ugoro. Nikautafuta ule uzi wa buluu niliokuwa nimeukata, nikaukuta umejikunja chini ya mfuko. Ulikuwa uzi mnene wa nailoni, ule wa kushonea magunia. Bibi anao mpira mzima, umening'inia kwenye msumari karibu na kitanda chake. Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea, kutoka sokoni mjini.

Siwezi kueleza vizuri nilivyojisikia. Nilianza kumshuku kila mtu. Nilijiuliza kama bibi alimfungua dubu kabla ya kikao au baada. Nilijiuliza kama alijua kila kitu na aliniita mimi niseme tu kile alichotaka kisemwe. Hata mama mdogo aliponiletea chai nilimtazama mikono.

Nilipanda mlima Ijumaa. Bibi alikuwa peke yake uani na mtoto, anachambua maharage. Nikasalimia, nikakaa, nikachambua naye mpaka ungo ukakaribia kwisha. Kisha nikauweka ule uzi juu ya maharage.

Aliutazama. "Umekuja kunipeleleza?"

"Hapana, bibi."

"Basi unataka nini?"

Nikamweleza habari ya kiganja, na ya kuhesabu mpaka kumi. Nikamwambia kwamba dubu hakumpelekea mtu yeyote neno lolote. Ilinichukua muda mrefu. Bibi alikuwa anachambua, anapepeta kidogo, anachambua tena.

"Nilimfungua siku ile aliposema," alisema mwishowe. "Kabla sijakupigia. Niliogopa. Nilitaka nione tumbo lake lina nini. Nikakuta kile kijumba cha plastiki, nikashindwa, nikamshona. Ni dhambi kumshona mdoli?"

"Si dhambi. Lakini mkaza mjomba alisimangwa kwa mshono ule."

"Sikusema yeye ndiye aliyeshona."

"Ulisema ana mshono mgongoni, bibi."

"Si anao?"

Nilikuwa nimefanya vilevile na lile sikio.

Akausogeza ungo pembeni. "Nisikilize. Wewe huna mama. Huna baba. Huna cheti cha maana. Una meza ya redio na una bonde. Yule mwanamke ana miche thelathini mlangoni. Ukienda kusema kwamba bibi yako ndiye aliyeshona, wataniona mzee anayetunga kesi. Kikao kijacho nani atanisikiliza? Bonde litalindwa na nani?"

Alisema kwa upole, na ndiyo maana niliogopa zaidi. Nilikuwa nalipenda bonde lile. Nalipenda mpaka leo. Nilishalipigia mahesabu kichwani, wapi nitaweka magimbi, wapi bamia.

Niliondoka bila kumwahidi kitu. Pale Mlali sikuzunguka nyuma ya maduka. Nilipiga hodi kwa mjomba, mjomba hakuwepo, na mkaza mjomba akaniacha nisimame mlangoni.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna."

"Aliyekutuma hajui kutuma. Sema upesi, nina nyanya juani."

Nikamwambia yote, pamoja na ugoro. Nilidhani atafurahi, au atalia. Alinitazama kama anayetafuta mshono mgongoni kwangu.

"Unaniambia mimi hapa, kwenye mlango wangu, tuko wawili," alisema. "Kule uani tulikuwa watano. Mimi nilitukanwa mbele ya watano. Nenda kasemee kulekule. Usiponisafisha pale, hujanisafisha."

"Mimi siwezi kusema mbele za watu, mkaza mjomba."

"Siku ile uliweza. Ulisema maneno mawili tu, yakatosha."

Miche ilikuwepo barazani. Hakuna uliokuwa umepandwa. Niliihesabu nikiwa nimesimama pale, ikawa thelathini na mmoja. Nilitaka kumuuliza aliinunua lini, nikashindwa.

Nyumbani nilimshughulikia dubu kwa siku nne. Bibi alikuwa ametaka sikio litolewe. Nilishika wembe niikate ile maikrofoni, nikaona hapana. Nikikata, sitakuwa na cha kuwaonyesha, na kila mtu atabaki na anachokiamini. Badala yake nilichomoa kitaa chekundu kwenye redio iliyokufa, nikakilehemu kwenye njia ya kitufe cha kiganjani, nikakiwekea kizuizi kidogo cha umeme kisiungue, na nikakitoa nje kifuani kwa dubu kupitia tundu la sindano. Sasa kiganja kikibanwa, kifua kinawaka. Kikiachiwa, kinazima. Mara ya kwanza niligeuza miguu ya kitaa, kikakataa kuwaka. Mara ya pili niliunguza waya. Mara ya tatu kikawaka, na mama mdogo, aliyekuwa anapita na beseni, akasema dubu amepata homa.

Mgongoni nilimshona kwa uzi uleule wa buluu.

Jumapili iliyofuata niliomba mjomba awaite watu. Kwa mtu kama mimi kuita watu ni jambo kubwa, na nadhani walikuja kwa kushangaa. Bibi alikubali mkaza mjomba aitwe, ila alisema huyo atasimama nje ya ua. Na ndivyo alivyosimama, upande wa nje wa fito.

Sikuwatazama. Nilimtazama dubu. Nikawaonyesha kiganja, nikakibana, kifua kikawaka, na mimi nikahesabu mpaka kumi na tano. Nikabonyeza tumbo, dubu akahesabu mpaka kumi. Nikampa mjomba ajaribu. Akabana, akasema, "Haya, haya, moja mbili," kama watu wa vipaza sauti harusini, na dubu akamrudishia kwa sauti ya pua. Mama mdogo akacheka mpaka akakaa chini. Nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kiasi kwamba mjomba aliniambia nirudie, kwamba siku ile nilikosea. Sikio lipo, lakini halipeleki neno popote, na neno la pili linafuta la kwanza. Nilisema kabla ya kupima.

"Na mshono?" mkaza mjomba akauliza kutoka nje.

Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba uzi ni wa humu ndani. Lakini niliona vidole vya bibi kwenye kikopo cha ugoro, vinakifungua na kukifunga.

"Uzi ni..." nikasema.

"Nilimshona mimi," bibi akasema. Aliyasema hayo akitazama jiko. "Nilitaka kuona tumbo lake. Mtu si anaogopa?"

Mjomba alianza kusema jambo kuhusu mvua.

"Basi na mimi niwekeeni hiyo taa kifuani," mkaza mjomba akasema. "Muwe mnajua lini nasikiliza."

Mama mdogo alitaka kucheka tena akajizuia. Bibi ndiye aliyecheka, kidogo, kwa pua. Akasema, "Taa yako ingemaliza betri, mkwe. Ingia ndani, chakula kinapoa."

Aliingia. Hakukimbilia kuingia. Alizunguka mpaka penye mlango wa ua, akavua viatu, akanawa mikono, akakaa mkekani karibu na mtoto. Tulikula ugali na kisamvu. Katikati ya kula bibi akamuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, miche ile ni ya wapi.

"Muulize mwanao," alisema, akamega tonge.

Sote tukamtazama mjomba. Alikuwa anatafuta mfupa kwenye kisamvu, na kisamvu hakina mfupa. Bibi hakuuliza mara ya pili. Baadaye mjomba alisema miche atakuja kuipanda huku juu, kuzunguka nyumba ya mama yake, ili mama apate kivuli. Na kweli aliipanda huku. Bondeni kuna kabichi za mkaza mjomba, kama miaka yote, na hakuna aliyemwambia aache.

Yeye anakuja na kuondoka kama zamani. Ameniletea hata redio ya mdogo wake niitengeneze, na alikaa pembeni mpaka nimalize, macho kwenye mikono yangu kwa kila skrubu niliyotoa. Bibi naye amebadilika kidogo. Nikifika na mfuko wangu wa vyuma anaanza kuongea chini chini, na kabla ya kusema jambo la maana ananiambia, "Weka kwanza huo mfuko nje." Sijui kama ananitania. Mjomba ndiye anayeniogopa kabisa. Ananisalimia yeye kwanza, jambo ambalo si sawa, mimi ndiye ninayepaswa kumwamkia. Nadhani anafikiri kwamba nikikaa sana nitakuja kumuuliza kwa mdomo wangu nani alikuwa anazungumza na mkewe baada ya kile kikao, na kwa nini aliinamia kucha zake siku mkewe anafukuzwa.

Sijamuuliza. Nimeandika haya kwa sababu kuandika ni rahisi kwangu kuliko kusema, ingawa nako kunanichukua siku nyingi. Ninyi mnaosoma, wengine ni mafundi, wengine ni wakaza mjomba, na wengine ni wajomba. Naomba mniandikie kupitia waliochapa kitabu hiki. Niambieni kama ningemuuliza mjomba au ningeliacha lilivyo, na kama kuna aliyewahi kufungua mdoli wa aina ile na kukuta unatunza maneno kwa njia nyingine ambayo mimi sikuiona. Andikeni herufi kubwa kubwa. Nitajibu kila barua, ila mnipe muda.